Nilimwapisha Mama Kwamba Hakunizaa

Nimekosa! Wala sitafuti kisingizio. Jina nalificha kwa ajili ya mama, maana likijulikana, yeye ndiye atakayefungwa.

Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Mtoni. Bwana wangu Mtaliano alitaka kunichukua kwao, nikapike katika mkahawa wa ndugu yake. Nilifurahi mno! Kumbe pasipoti ya Mwingereza si moja. Aliyezaliwa koloni, kama Nairobi, anaingia Italia bila viza. Sisi wa Tanganyika tunahesabiwa watu wa kulindwa tu na Mwingereza, si raia wake, viza lazima tuombe, tena tuingoje miezi. Na meli ilikuwa inaondoka mwezi ule ule.

Shetani akanipanda kichwani. Marehemu baba aliwahi kufanya kazi ya reli Nairobi. Lakini mama hajawahi kutoka Mtoni, kila mtu anajua. Basi nikamtaka aape mbele ya hakimu kwamba nilizaliwa Nairobi na mke mwingine wa baba, akafa, yeye akanilea tu.

"Wataka nikukane, mwanangu?"

"Maneno tu hayo, mama."

Akaenda. Akashika Msahafu, akaapa. Nami nimesimama pale nawaza meli!

Pasipoti nikaipata. Siku ya safari nikapiga magoti kumwomba radhi, kama mtoto yeyote anayeondoka.

"Radhi hutoa mama," akasema. "Mie nimeapa mama yako yuko kaburini Nairobi. Kamwombe yeye."

Nikadhani ni hasira, zitapoa. Nikapanda meli. Ole wangu!

Mwaka jana nilirudi. Namwita mama, haitiki. Anasema hachezei Msahafu mara mbili. Chakula ananipakulia, nguo ananifulia, lakini mama, hapana. Shehe ananishauri twende kwa hakimu tukakifute kiapo. Tutakwendaje? Si atamtia ndani kwa kusema uongo!

Majuzi aliugua homa. Jirani mgeni akamwuliza huyu anayekukanda miguu ni nani. Akajibu taratibu, "Mtoto wa marehemu mume wangu." Nilitoka uani nikalia kama mtoto mdogo.

Jamani, nyie mnaotafuta pasipoti ya koloni kwa hila, nawasihi! Ombeni viza yenu, mngoje. Meli ikiwaacha, iwaache. Mama yangu anazidi kudhoofika, na siku akifumba macho nitabaki duniani sina radhi ya mzazi.