Kamera Niliyomfungia Mama

Nifichieni jina, maana nusu ya ukoo wetu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nafanya kazi Dodoma, kwetu ni Same, kule juu milimani. Baba alipofariki tulimzika migombani nyuma ya nyumba, kama ilivyo kwetu, mama akabaki peke yake.

Simu yake hapokei kila mara, basi nikanunua ruta ya intaneti ya kuweka laini na kamera moja, nikapanda navyo mwenyewe. Nikaviunganisha ili nikiwa Dodoma niingie kwa simu yangu nimwone. Mama akauliza, "Mwanangu, hiki kidude kinasikia?" Nikamjibu, "Hapana mama, kinaangalia ng'ombe tu." Nilimdanganya. Kinasikia vizuri sana, na kinaona mpaka kaburini. Halafu kwa kiherehere changu nikampa kaka yangu mkubwa neno la siri.

Kaka ni mwinjilisti, na wokovu wake una kelele. Asubuhi moja akamwona mama ameketi kaburini anaongea na baba kwa Kipare. Badala ya kumpigia, akakata kipande kifupi cha video akakirusha kwenye grupu la ukoo: "Tumwombee mama, ameanza mambo ya mizimu." Shangazi zangu nao hawakuchelewa, mpaka Jumapili usharika mzima unajua.

Mama akanipigia. "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akasema, "Nilikuwa namwambia mume wangu mambo yangu. Wewe uliniambia hakisikii." Akakata simu, akachomoa ruta ukutani. Nililia pale ofisini bila aibu.

Sasa ndugu zangu, kinachoniua ni hiki. Wiki iliyopita nilifungua rekodi nzima, iliyobaki kwenye simu yangu, nikaisikiliza hadi mwisho. Mama anamwambia baba kwamba ana uvimbe kwenye titi, una miezi sasa, na umeanza kutoa maji. Anasema, "Watoto sitawaambia. Wataacha kazi zao bure."

Jumamosi nikapanda nyumbani. Akanipakulia makande, akaenda kula jikoni, mimi akaniacha sebuleni kama mgeni. Nikamfuata. "Mama, twende hospitali tukapime presha tu." Akanikazia macho. "Kwani na hilo ulilisikia?"

Niliogopa. Nikasema sijasikia kitu. Akasema, "Basi presha yangu niachie mwenyewe," akageukia sufuria.

Siku hizi kaburini hakanyagi, anaogopa watu. Na mimi nimeshamdanganya mara mbili, nikikiri sasa sijui kama atanifungulia mlango tena. Lakini ule uvimbe haunisubiri nimalize kuogopa. Nyie mliowahi kuuguza mama aliyekasirika, naombeni msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu, nikirudi kwake kesho, nianze na neno gani ili akubali kuvaa viatu twende?