Abiria wa Kwanza wa Paluku

Hadi leo, harufu ya petroli ikikutana na harufu ya mawese, mimi husimama nilipo. Wajukuu wangu hunicheka. Wanadhani bibi yao ameanza kuzeeka vibaya. Hawajui kwamba wakati huo sipo jikoni. Nipo kwenye pikipiki, mgongoni mwa kaka yangu Paluku, kwenye barabara ya Beni, meno yangu ya mbele yameng'oka na kitambaa cha Mama kimenikaza kichwa.

Pikipiki ile ilikuwa ya Baba. Alikuwa mnunuzi wa kahawa, na mlio wa pikipiki yake ulijulikana mtaani kwetu Butembo kuliko kengele ya kanisa. Uhuru ulikuwa bado mchanga waasi walipofika, na wao walichukua kila kitu chenye magurudumu. Basi Baba akaifungua pikipiki vipande vipande, Mama akavipaka mawese visipate kutu, wakavizika nyuma ya nyumba kwenye migomba. Tangi Mama alilipaka nje na ndani, kwa moyo wote, kama anavyopakwa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kisha Baba akaenda Beni kwa miguu kutafuta habari za ndugu zake. Alisema mtu wa miguu hana cha kunyang'anywa. Hakurudi, na hatukupata hata kaburi lake.

Askari wa serikali waliporudisha utulivu, Mwalimu Ramazani alifungua garaji na kuanza kufundisha vijana. Alitoka katika familia ya Waislamu wa Beni, watu wa malori na biashara, na alikuwa na masikio makubwa ambayo sisi watoto tuliamini ndiyo yaliyomwezesha kusikia ugonjwa wa injini kutoka mbali. Paluku alijiunga naye. Miezi ya kwanza hakugusa spana hata moja. Alisafisha vyuma kwa petroli na kujifunza kuvitambua kwa vidole, macho yamefungwa. Akilalamika, Mama alimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama kweli, hadi kucha zake zikawa nyeusi hata siku ya Pasaka.

Lakini haikuwa kazi ya kujifurahisha. Baba mdogo, ambaye alikuwa na marafiki kwenye kambi ya jeshi, alishatoa neno lake: Paluku akishindwa mtihani wa Mwalimu, ataandikishwa jeshini. Paluku mwenyewe alikuwa ameanza kuimba nyimbo za Kilingala za askari na kutembea kifua mbele. Mama hakubishana na shemeji yake. Alikwenda tu kwenye migomba na jembe, akaanza kufukua.

Sasa niwaambie mtihani wenyewe, maana garaji nyingine hazikuwa na desturi ile. Mwanafunzi aliunganisha pikipiki nzima peke yake, akaiendesha hadi Beni na kurudi, akiwa amembeba mtu wa damu yake. Tena hakumchagua yeye. Mzazi ndiye aliyesimama mbele ya garaji akamtoa mtu huyo kwa mkono wake. Mwalimu alisema mtu anaweza kumdanganya mteja, lakini hawezi kufunga breki vibaya kwa ndugu yake. Wazazi walikuwa wajanja. Walileta babu wasioona vizuri, mashangazi waliokosana nao, na baba mmoja alileta mbuzi, akaapa kwamba wamelelewa pamoja.

Siku ya Paluku, pikipiki ya Baba iling'aa. Mwalimu Ramazani aliizunguka, akamgeukia Mama.

"Mama Paluku, unamupatia nani?"

Baba mdogo alikohoa, akatazama mlimani. Mama akanishika bega, akanisukuma mbele.

"Huyu."

"Kahindo? Mais, lakini ni mutoto!" alisema Baba mdogo. "Na unajua ile barabara!"

"Najua barabara," Mama akajibu. "Na najua mwenye kuendesha."

Mimi, jamani, nilivimba kwa fahari. Nilijua nimechaguliwa kwa ushujaa wangu, na niliwatazama watoto wenzangu kwa huruma.

Kwenda kulikuwa karamu. Tuliteremka kutoka kwenye baridi yetu, hewa ikizidi kuwa nzito na ya joto, michikichi ikaanza kuonekana kando ya njia. Paluku hakuimba wimbo wa askari hata mmoja. Alikuwa akiisikiliza injini. Beni tulifika kwa dada ya Mwalimu, ambaye alitupa wali na kikapu cha vitumbua tukirudishe kama ushahidi kwamba tumefika. Jua lilikuwa kali, na pikipiki ilitusubiri uani bila kivuli.

Tulipoanza kupanda kurudi, ukungu ulitupokea, na baridi. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Kwenye mwinuko mmoja mrefu ikafa kabisa. Paluku alipiga kiki hadi jasho likamtoka. Akafungua buji, ile plagi ya kuwashia petroli, akaitazama, ilikuwa inatoa cheche vizuri. Nikaanza kulia, nikijifariji kwa kitumbua.

Lori likasimama. Dereva alikuwa mtu mwema, akatoa kichwa dirishani, akaionyesha moto yetu, maana kwetu pikipiki huitwa hivyo.

"Weka moto yulu ya lori, kijana! Mutoto anakufa baridi. Tutafika Butembo pamoja."

Kupakia pikipiki kwenye lori kulikuwa kushindwa, na kushindwa kulikuwa kambi. Nililijua hilo, na bado nilitamani lile lori kuliko kitu chochote duniani. Paluku alinitazama kwanza. Nadhani ningesema nataka kwenda, angepakia.

"Kahindo, unasema nini?"

"Utaitengeneza?"

"Nitaitengeneza."

"Basi aende."

Dereva alicheka, akaniachia gunia tupu nijifunike, akaondoka.

Paluku akavua shati lake, akalitandika chini, akaanza kufungua karburateri, kifaa kinachoipelekea injini petroli, akipanga kila kipande kwa mfuatano. Alipofika kwenye kile kichuma kidogo chenye tundu jembamba la kupitishia petroli, alikiinua kwenye mwanga, akakinusa. Kisha akaanza kucheka peke yake, hata nikaogopa kwamba amerukwa na akili.

"Mawese ya Mama!"

Paluku alikuwa ameliosha tangi, lakini kona moja ya ndani ilibakiza mafuta. Joto la Beni liliyayeyusha yakatelemka, na baridi yetu ikayagandisha mlemle tunduni. Hakuwa na moto wala sindano, na vidole vyake vilikuwa baridi kama mawe. Basi akakifuta kichuma na kunipa.

"Weka kinywani. Hapana kumeza!"

Nilikaa juu ya gunia, mashavu yamevimba, nikayeyusha mawese kwa mate yangu, nikitema kila aliponiambia niteme. Sijawahi kuonja kitu kibaya namna ile. Yeye alimimina petroli kwenye sufuria yetu ya safari na kuichuja kwa kitambaa changu cha kichwa. Alipounganisha tena na kupiga kiki, injini ilinguruma, nami nikapiga kelele kana kwamba nimeitengeneza mimi. Sehemu yake niliitengeneza, na sitaki mtu anibishie.

Mbele ya garaji watu walikuwa wamejaa. Mwalimu hakumuuliza Paluku neno. Alichungulia kikapu, akaona vitumbua vimepungua, akainama kwangu.

"Kahindo, uliogopa?"

"Niliogopa wakati ilikufa. Wakati inatembea, hapana."

Mwalimu Ramazani akanyoosha mkono kwa kaka yangu. "Karibu kazini, Fundi Paluku." Wanawake wakapiga vigelegele. Baba mdogo alikuwa wa kwanza kuomba atengenezewe baiskeli yake bure.

Lakini Mama hakuwapo. Nilimtafuta kila mahali kati ya watu wale, machozi yakinilenga. Tulimkuta nyumbani, amekaa chini, anachambua maharage. Aliinua uso, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mumekula?"

Basi. Nilikasirika siku nyingi. Watu baki walitushangilia, na mama mzazi alishindwa hata kutoka nje.

Mama alipokwisha kufariki, nami nikiwa mama wa watoto wangu, ndipo nilipolizungumza hilo jambo na mdogo wake, Mama Masika, aliyekuwa naye siku ile. Alinitazama kwa mshangao.

"Weye hukujua? Alikataa kwenda garaji. Alisema: Paluku akinikuta nimesimama barabarani, atajua nilikuwa na mashaka. Akachukua maharage. Akachambua yote, yakaisha. Akamwaga mawe na takataka mule mule, akachanganya, akaanza upya. Vile vile, toka mulipotoka mpaka tulisikia moto yenu inarudi."

Barabara ile ilimchukua mumewe, naye akaipa watoto wake wote wawili siku moja, kwa sababu mwanawe alihitaji kuona kwamba anaaminiwa. Paluku amefundisha mafundi wengi tangu hapo, na wote ninawaonea fahari. Ila fahari yangu kubwa ni mwanamke yule aliyekaa chini na ungo, akiogopa peke yake, ili sisi tusijue.