Chupa Niliyoitikisa

Wasomaji wangu, juzi tulimzika mzee mmoja hapa Kinondoni, aliyekuwa mkuu wa watumishi katika nyumba ya Mzungu upande wa Msasani. Mmezoea kuniona nikiwasindikiza wafu kwa maneno matamu. Leo mtaniwia radhi, huyu nilimfahamu.

Nilifika kwake kijana, nimeacha shule baada ya wazazi wetu kufa, ili wadogo zangu wasome. Nilimwita mjomba kwa heshima tu, hatukuwa na undugu. Akaniweka kazi ya mezani, na mshahara ule ndio uliomshikilia mdogo wangu wa kike darasani. Bwana wa nyumba alikuwa na chupa moja ya mvinyo mwekundu. Alitueleza, kama mtu anayesimulia ukoo wake, kwamba mizabibu yake ilipandwa kabla babu yake hajazaliwa. Mashina yamenenepa kama paja la mtu, yanazaa vishada vichache tu, na uchache huo ndio utamu wenyewe. Siku aliyomwalika mkubwa wake wa kazi, mjomba akaniambia chupa nitaipeleka mimi. Nikaiinua kwenye mwanga, nikaona mashapo meusi chini. Mimi chupa yenye mashapo niliyoijua ilikuwa ya dawa, na dresa wa zahanati alitufundisha kuitikisa kwanza. Nikaitikisa kwa bidii zangu zote. Mjomba alikuwa mlangoni, anafuta bilauri, ananitazama.

“Imetosha, mjomba?”

“Bado kidogo,” akasema.

Mvinyo ulimiminika kama maji ya mtaroni. Bwana hakupaza sauti. Alimwomba mgeni radhi, kisha akaniamuru nivue kanzu ya kazi. Nilipokuwa natoka nilimuuliza mjomba kwa nini hakunikataza. Akacheka kwa raha. “Mzabibu ule umekaa miaka mia. Wewe mwezi mmoja umekushinda.” Wiki iliyofuata kanzu yangu ilivaliwa na mpwa wake. Mdogo wangu alitoka shule akaenda kuuza vitumbua Temeke, na hadi leo barua zake namsomea mimi.

Tangu hapo nimewaona wengi wa aina yake, makarani, mafundi, hata walimu. Mtu anajua jambo dogo, kwamba chupa ya zamani husimamishwa ikatulia, basi hulilinda kama shamba la urithi, na anayekuja nyuma yake humwacha aanguke ili yeye aonekane mrefu. Mzabibu mzee huzaa kidogo, lakini huzaa. Hawa wetu huzeeka bila kumwachia mtu hata kishada.

Makaburini shehe alituuliza, kama ilivyo desturi, tunamshuhudiaje marehemu. Watu wakajibu kwamba alikuwa mtu mwema. Jirani yangu akanigusa kiwiko, maana hakunisikia. Akaninong'oneza, “Sema basi, ndugu yangu, maiti anakungoja.”

“Bado kidogo,” nikamwambia.

Wakaanza kufukia. Anayemtazama mwenzake akipotea na asimwambie, ajue ipo siku atalala kimya mbele ya watu, na neno atakalolihitaji litakuwa kinywani mwa yule yule.