Babu Hakupigana

Kijiji chetu kilipokwisha kuwa cha ujamaa, alikuja afisa utamaduni kukusanya kumbukumbu za vita vya Mjerumani na Mwingereza. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Niliandika polepole, lakini mwandiko wangu ulisomeka, hivyo nikapewa kazi ya kuandika maneno ya babu.

"Shikamoo, mzee. Ulipigana upande gani?" afisa aliuliza.

"Marahaba. Sikupigana. Nilibeba masanduku ya risasi, mimi na mdogo wangu, mpaka ng'ambo ya Rufiji. Huko akaanguka, anahara damu. Askari wakampa mtu mwingine sanduku lake, sisi tukaamriwa twende. Andika jina lake."

"Mzee, kitabu hiki ni cha waliopigana."

"Kwani hizo risasi zilikwenda zenyewe, bwana mkubwa?"

Waliokuwepo wakacheka. Afisa akanigeukia, akaninong'oneza: "Andika alipigana kwa ushujaa. Wabebaji ni wengi mno."

Babu hakujua kusoma. Aliutazama mkono wangu, akaniuliza kwa Kishambaa kama nimefika kwenye jina la mdogo wake. Nikamalizia neno "ushujaa", na afisa akaichukua karatasi.

Kumbukumbu zile zilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Jina la babu lilipotajwa, watu walipiga makofi. Akasimama, akasubiri la mdogo wake. Likasomwa la mzee mwingine, kisha la mwingine. Babu aliendelea kusimama, mpaka mwenyekiti akamwomba akae.