Mkojo Usiofunikwa

Kusumalatha hakuwa na dogo. Ukimkanyaga kwenye foleni ya mbolea, utasimuliwa ukoo wako mpaka kwa babu. Lakini mwaka ule mkulima huyu wa mpunga wa kijiji cha Halmillawewa alikuwa amenyamazia jambo moja: mkojo wake ulikuwa na povu zito, kama sufuria ya wali inayotaka kumwagika. Kila alipoamka uso ulikuwa umevimba, na kiuno kilimuuma hata siku ambazo hakuinama shambani.

Dalili hizo alizijua. Mumewe Jayasena alikuwa nazo, akazificha. Alipoanza kutapika na kujikuna mpaka damu, figo zilikuwa zimekwisha kazi. Alikufa akiomba radhi, kana kwamba ameiba.

Alificha kwa sababu kijijini kwao, nyumba yenye ugonjwa wa figo haichumbiwi. Wageni wa mjini huogopa maji ya pale; wanakuja na yao ya chupa, hata chai yenu hawaionji. Na sasa binti wa Kusumalatha, Sandamali, alikuwa ameposwa na watu wa mji wa Kurunegala. Mama wa kijana alisema atasubiri kwanza kliniki ipime kijiji, asikie habari za mama mkwe wa mwanawe.

Asubuhi ya kupima, Sandamali alimletea mama yake kichupa kilichofungwa leso.

"Chukua hiki. Ni mkojo wa mtoto wa jirani yetu Podimenike."

"Mwenyewe kakubali?"

"Nimempa biskuti."

Kusumalatha alicheka bila kutaka. "Yaani figo zangu zipimwe kwa biskuti?"

"Kila mtu anafanya hivyo, Mama! Hata shangazi alipeleka wa mjukuu wake."

"Na shangazi yuko wapi leo?"

Sandamali aliinamisha kichwa. Shangazi alikuwa hospitali kubwa, akisafishwa damu kwa mashine.

"Uso wako nauona unavyovimba. Ukipeleka wako hawatanioa," alisema, machozi yakimlengalenga.

Maneno hayo yalimchoma Kusumalatha kuliko kile kiuno. Alimpenda binti huyu kupita kiasi, na alitamani sana kumwona bibi harusi. Lakini alitaka yeye mwenyewe awe hai siku hiyo. Aliingia chooni, akatoka na chupa yake mwenyewe, akashika njia bila kuifunika. Sandamali akamfuata mbio, akimsihi.

"Dada, funika basi!" muuza duka alipiga kelele. "Watu tunakula hapa!"

"Kwani wewe hukojoi?" Kusumalatha alimjibu, wala hakupunguza mwendo.

Kwenye ukumbi wa hekalu, kliniki ilipopimia, wanawake walikuwa wamekumbatia vichupa vyao ndani ya vitambaa. Nesi alichovya kijikaratasi cha kupimia kwenye mkojo wa Kusumalatha, kikageuka kijani. Akashusha sauti.

"Dada, njoo pembeni kidogo."

"Sema hapa hapa. Sijaiba kitu cha mtu."

Nesi alitazama foleni, akasema. Figo zilikuwa zinavujisha protini. Ilibidi apimwe damu, atibiwe presha, anywe maji yaliyochujwa, aache kumeza vidonge vya maumivu ovyo. "Lakini umewahi," aliongeza. "Ungechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine."

Kusumalatha aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Nimewahi! Jayasena wangu hakupata kuambiwa neno hilo."

Mwanamke mmoja alitoka kwenye foleni, akamwaga kichupa chake nje ya ukumbi, akarudi kuomba kitupu. Sandamali naye alifuta macho, akaomba chake.

Hawajamaliza chakula cha mchana, simu ya Sandamali ikalia. Habari ilikuwa imeshafika Kurunegala, na mama wa kijana alikuwa na mengi ya kusema juu ya damu, ukoo na bahati mbaya. Kusumalatha alinyoosha mkono aichukue simu amtolee uvivu, lakini binti yake alimzuia.

"Nimekusikia, Mama," Sandamali alimwambia mama wa kijana kwa adabu. "Mimi nimepima leo, figo zangu ni nzima. Mwambie mwanao naye akapime. Nikiona majibu yake, nitafikiria kama namtaka."