Nilionja Divai ya Kumpitisha Tata Mukendi

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili ukifika katikati ya habari hii usimtafute mwingine wa kulaumu. Vijana wa bariere, kizuizi cha barabarani, walikuwa na makosa yao, nao watayajibia. Langu nililifanya kwa mdomo wangu, mara mbili kwa siku moja. Kwanza nilikunywa. Halafu nikasema uongo.

Siweki jina kwa sababu bado naogopa. Miaka mingi imepita, lakini nikisikia kizibo kikitoka kwenye chupa, hata harusini, mgongo unanipoa na macho yanakwenda mlangoni.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha mapema. Nilipakia makaa Mutshatsha, nikaosha malori Fungurume, kisha nikaja Kolwezi, na kila nilipofika nilikuwa mtu wa kuuliza. Hiki ni nini? Kinatoka wapi? Ladha yake ikoje? Mreno mmoja mzee mwenye duka la vinywaji alinichukua nimbebee makasha, na nadhani maswali yangu yalimfurahisha kuliko kazi yangu. Ndiye aliyenifundisha divai.

Na nilijifunza kweli! Usidanganywe na picha ya kasri kwenye lebo, aliniambia, kasri halinyweki. Uliza chupa ililala wapi. Iliyosimama juani imekwisha kuwa siki, hata ikiwa ya Ufaransa. Nyeupe uiinue kwenye mwanga. Ukiona rangi ya chai, iache. Kizibo kilichochomoza kinakuambia chupa imepata joto. Na kama mfuko wako ni mwepesi, nunua ya mahali pasipo na jina kubwa, maana jina nalo unalilipia. Nyeupe nyepesi ya Ureno, ikipozwa kwa kitambaa kibichi, inakwenda na samaki wa kukaanga. Nyekundu ya Afrika Kusini iwekee mbuzi mwenye pilipili.

Kisha kila kitu kikaanguka. Mgodi ukaacha kulipa watu, wazungu wakaondoka, maduka na maghala yakaporwa. Mreno wangu aliondoka na sanduku moja mkononi, hata hakuniaga. Divai zake na za wengine zikaibukia soko la Musonoi, zimepangwa juu ya magunia kati ya unga wa muhogo na samaki wakavu. Wauzaji hawakujua tofauti ya Chile na Italia. Zote bei moja, bei ya sabuni!

Hapo nikawa mtu. Wenye ubatizo na wenye harusi walinituma niwachagulie. Waliniita Daktari wa Divai, na mimi, mjinga, niliupenda huo udaktari kuliko chakula.

Nilikuwa nalala kwa Tata Mukendi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai, jimbo la jirani, kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa Kolwezi, akawa fundi wa kulehemu. Alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti na hakuwahi kuonja pombe. Alinikuta nina homa nimelala chini ya lori, akanibeba mpaka kwake. Mkewe, Mama Ngalula, alinipakulia bukari, ugali wa kwetu, sahani moja na wanawe. Alinitania kila siku: "Weye na machupa yako! Siku moja utaoa chupa, tutapeleka mahari kwa Bareno!"

Ndipo likaja neno kwamba watu wa Kasai waondoke. Wote! Hata aliyezaliwa hapa, hata asiyeijua Kasai. Nyumba zikachomwa. Maelfu wakakimbilia stesheni kungojea treni. Kati ya mtaa wetu na stesheni vijana walilaza gogo barabarani, na pale wanaume walitolewa kwenye mstari mmoja mmoja. Wengine hatukuwaona tena.

Mkubwa wa bariere ile aliitwa Shefu Donat. Zamani aliuza mikate mtaani kwetu. Sasa alikuwa na panga na kundi. Alikuja kwa Tata akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Muzee, Jumapili bakwe bangu banakuya," alisema. "Bia imekwisha katika muji. Umutume ule Daktari wako anichagulie divai. Mbili nyekundu, mbili nyeupe, muzuri kabisa, bakwe basinicheke. Ukileta, utapita na mama, na batoto, na bintu byote. Hakuna mutu atakugusa."

"Hata mi?" Tata aliuliza.

"Hata weye."

Umeelewa? Chupa hizo ndizo zingempitisha Tata akiwa mzima. Mama Ngalula alichukua cherehani yake, akaifuta vumbi kama mtoto anayepelekwa kanisani, akanitwisha kichwani nikaibadilishe na divai, maana bia ilipokwisha bei ya divai ilipanda. "Mwana wangu," alisema, "leo usicheze."

Sokoni nilichagua vizuri, hilo naweza kuapa. Nyeupe ya Ureno, nyeupe ya Chile iliyong'aa, nyekundu ya Afrika Kusini. Ya nne niliiona nyuma ya gunia, imelala kivulini, nyekundu, na kwenye lebo imeandikwa Bulgaria. Bulgaria! Sikujua nchi hiyo iko upande gani wa dunia.

Ningeweza kukudanganya kwamba niliifungua ili nihakikishe haijawa siki. Si kweli. Niliifungua kwa sababu nilikuwa sijawahi kuonja Bulgaria.

Nilijua ubaya wake! Kwetu kila mtoto anajua: kinywaji cha kumpa mtu kinafunguliwa mbele ya macho yake, na anayekileta anakunywa kwanza, ili sumu, kama ipo, imwanze yeye. Na siku zile neno sumu lilikuwa kila mahali. Hata hivyo nilijibanza nyuma ya magunia, nikaivua ile karatasi ngumu ya shingoni taratibu isichanike, nikang'oa kizibo, nikanywa mkupuo mmoja. Kisha wa pili. Ilikuwa na ladha ya matunda yaliyoiva mno na moshi kidogo. Nilifumba macho nikajisikia nimefika Bulgaria.

Nikarudisha kizibo. Nikavisha karatasi yake. Nikapangusa shingo kwa shati. Nani angejua?

Tukaenda mchana uleule, kwa sababu treni ilikuwa imeingia. Tata alinibana begani tukitembea, akanusa, akanitazama. Akaendelea kutembea.

Kwenye bariere Donat alipokea chupa moja moja, akizisifu kwa sauti ili wenzake wasikie. Alipofika kwenye ile ya Bulgaria akapitisha kidole gumba shingoni. Karatasi ikatoka nzima mkononi mwake, kama kofia.

Ee Mungu wangu!

"Nani alifungula hii?" aliuliza polepole. Kisha kwa ukali: "Bilulu hii inataka kuniua! Kuniua na bakwe bangu!"

Bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyowaita watu wa Kasai. Vijana wakasogea na mapanga. Mtoto mdogo wa Tata akaanza kulia, Mama akamziba mdomo kwa kiganja.

Donat akanigeukia. Alijua mimi si wa Kasai. Asili yangu ni Mutshatsha. "Weye ni mutoto wa hapa. Ulinunua. Ilikuwa ya kufungwa?"

Sikiliza vizuri hapa. Ningesema, "Ni mimi, Shefu, nilionja kwa ulafi," pengine wangenipiga, pengine wangenivunja mkono. Mimi nilikuwa mtoto wa hapa. Ningebaki hai.

Nikasema, "Ilikuwa ya kufungwa, Shefu."

Yaani aliyeifungua ni wa nyumba ya Tata. Mama Ngalula alinitazama, na mpaka leo sijapata mahali pa kuyaweka macho yale.

Tata akavua kofia yake. "Ni mi nilifungula," alisema.

"Juu ya nini?"

"Nilitaka kuona kama ni muzuri."

Wakacheka. "Muzee wa kanisa! Shetani amekukamata na shingo!" Donat akamtupia chupa. "Basi kunywa. Yote. Tutaona nani atakufwa."

Akanywa. Mtu ambaye hakuwahi kugusa hata povu la bia alikunywa chupa ile amesimama juani mbele ya watoto wake, akisita, akikohoa, nyekundu ikimtiririka kwenye shati lake jeupe. Alipomaliza wakamkalisha kwenye gogo. Mama na watoto wakasukumwa upande wa pili, mikono mitupu. Magodoro na masufuria yakabaki. "Muende! Yeye anabakia mupaka tuone kama sumu inafanya kazi."

"Tata!" watoto waliita. "Tata, kuya!"

Mimi nilikaa chini karibu naye. Donat aliniambia nikae, nami nilikaa. Watu wote pale walikuwa wanangoja afe, na mimi peke yangu nilijua hafi. Hata wakati ule ningeweza kusema! Kila panga liliposogezwa nilifungua mdomo, kisha nikaufunga. Treni ilipopiga honi tukaisikia sote. Tata alijaribu kuinuka, divai ikamwangusha magotini.

Jua lilipopoa, Donat alichoka kungoja. Akachukua chupa tatu zilizobaki akaenda zake. Hakuna aliyetuambia tupite. Tulipita tu.

Stesheni treni haikuwepo.

Tata aliishi pale chini ya kipande cha hema, pamoja na maelfu wengine, kipindupindu kikiwazunguka. Nilimpelekea bukari kila nilipoipata. Hakunikemea hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Siku moja tu aliniuliza, akitazama reli:

"Mwana, unambie kweli. Ile divai, ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa muzuri sana, Tata."

Akatikisa kichwa. "Basi mi sikujua kuionja," alisema.

Baadaye treni nyingine ilimchukua, kwenye behewa la wazi, amesimama. Kama aliwakuta mkewe na watoto, sijui. Kila nikikutana na dereva wa malori anayetoka Kasai namuuliza habari za fundi mmoja wa kulehemu, mrefu, mzee wa kanisa. Hakuna anayemjua.

Wewe unayesoma, unaweza kujifunza divai zote za dunia, na si dhambi. Lakini ukikabidhiwa kitu kinachobeba roho ya mtu, usikiguse, hata kwa ncha ya ulimi. Na kama umeshakigusa, halafu mwenye panga akauliza ni nani, sema! Sema hapohapo, sauti ikitetemeka, suruali ikilowa, sema tu. Mimi nilinyamaza mpaka leo, na ninapolisema sasa, pale kwenye gogo hayupo mtu wa kulisikia.