Kioo Mgongoni mwa Vagheni

Uhuru wa Kongo ulipofika, mzungu wa shamba la kahawa alikimbia kabla ya kumaliza supu, na watu wa Vuhovi wakaingia nyumbani mwake kujitwalia uzuri. Katekista alipata saa isiyotembea. Vagheni, aliyemfulia mzungu huyo mashati miaka sita, alitoka na kioo kirefu kama mlango.

Nyumba yake haikuwa na dirisha. Kioo kikasimama gizani, kikionyesha giza kwa uaminifu mkubwa.

"Uzuri yake iko wapi?" mumewe Mbusa aliuliza. "Mu kioo, ao mu macho ya mutu?"

"Mu kioo. Mubaya ni weye."

Mwaka 1964 waasi walikaribia, na familia ikaamua kupanda milimani. Mbusa alibeba mbuzi shingoni. Vagheni akafunga kioo mgongoni, kikitazama nyuma, kamba ikipita kwenye paji la uso, vile wanawake wa kwao wanavyobeba kuni.

Mama wa Mbusa, mzee Masika, aligoma. "Miye nabakia. Hao batakula nini kwangu? Mifupa?"

Lakini Vagheni alipogeuka, Masika aliona kioo kimejaa kijiji, na katikati yake bibi mmoja.

"Eh! Ule mama muzee ni nani?"

Akamfuata. Asubuhi nzima alijifuata mwenyewe, akijichekea.

Saa sita magoti yake yalikataa, mwinuko ukiwa bado mrefu mbele. Huko chini bunduki zililia.

"Kamba ni moja," Mbusa alisema.

Vagheni alishusha kioo, akakitazama. Bonde zima lilikuwamo, na yeye pia, alama ya kamba usoni. Alisita. Kidogo tu, lakini Masika aliona.

"Beba kioo, mwana yangu. Kioo hapana kukohoa."

Vagheni akakiegemeza kwenye mti, akamfunga mkwe wake palepale kilipokuwa, mgongo kwa mgongo.

"Mama, unaona nini?"

"Naona ukungu. Naona kioo yako, jua imeingia ndani. Naona Mbusa, anatembea sawa vile bata, na mbuzi yake shingoni!"

Vagheni alicheka hadi kamba ikateleza. "Sema tena, Mama."

Walivuka mlima hivyo, mmoja akiona, mwingine akisikia.

Amani iliporudi walishuka, na chini ya mti palibaki fremu tupu. Jioni moja Masika alikuwa akiwasimulia majirani safari yao, kwa mara ya kumi, Vagheni akiwa amekaa miguuni pake.

"Donc, basi, uzuri ilienda wapi?" Mbusa alichokoza.

"Nyamaza," Vagheni alimwambia. "Mama anafika kwa bata."